Eropleni Yenye Milia

Sisi tukaao hapa Kamunyonge twaliona ziwa kila siku, lakini Serengeti, ambayo sehemu yake kubwa imo humu humu katika mkoa wetu wa Mara, wengi hatujaikanyaga. Kwa hiyo nimeona vema niandike habari za Bwana Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyeijua mbuga hiyo kutoka angani.

Alizaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Dr. Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilitaka kubadili mipaka ya Serengeti, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi na huhamia wapi. Basi baba na mwana wakajifunza urubani, wakapata eropleni ndogo aina ya Dornier, wakaipaka milia kama punda milia, na Desemba 1957 wakafunga safari kutoka Ujerumani. Kuvuka bahari na jangwa kwa injini moja si kazi ya mwoga!

Eropleni ile iliweza kwenda polepole sana na kutua penye nyasi fupi, pasipo kiwanja chochote. Kwa gari, mvua ikinyesha, safari imekwisha; wao walitua kando ya makundi, wakapiga hema, asubuhi wakaruka tena. Waliigawa mbuga vipande vipande, wakapita chini chini, huyu akihesabu upande huu na mwenzake upande ule. Jumla walipata wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu walikuwa kama 99,000. Siku hizi nyumbu wamepita milioni moja. Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa kandokando walichanjwa sotoka, na maradhi hayo yakaacha kuwaua ndama wa nyumbu.

Waligundua pia kwamba makundi huvuka mipaka iliyokusudiwa. Hata hivyo, mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti wakahamishiwa huko. Akina Grzimek waliona mbuga ya wanyama haifai kukaliwa na watu. Hapo mimi sikubaliani nao kabisa, maana wachungaji wale na wanyama wale walikuwa pamoja kabla ya eropleni kuonekana.

Michael hakuyaona hayo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akiruka peke yake, tumbusi akaligonga bawa, usukani ukakwama, eropleni ikaanguka. Umri wake ulikuwa miaka 24. Baba yake aliimaliza sinema waliyoianza pamoja, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa kando yake. Kaburi lao ni la mawe, karibu na barabara ipitayo ukingoni.