Jenerali China: Mateka Aliyefunguka Kinywa

Msomaji aliyekuzwa na riwaya za ujasusi, Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba ikiwa mojawapo, hutarajia mambo mawili tu kwa mpiganaji anayetiwa mbaroni: ama afumbe kinywa hadi kufa, ama awauze wenzake. Maisha ya Waruhiu Itote, maarufu kwa jina la Jenerali China, hayaingii katika mkondo wowote kati ya hiyo.

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi la Keya na kupelekwa Burma, ambako alijifunza mbinu za kupigana msituni. Aliporejea alifanya kazi ya kuchochea moto katika garimoshi. Mwaka 1952 alipanda Mlima Kenya, na haukupita muda akawa kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau wa upande huo.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa kwa risasi akakamatwa. Aliyemhoji, kwa saa 68, alikuwa Ian Henderson, afisa wa upelelezi aliyekisema Kikuyu kama mzawa. Itote alieleza mengi kuhusu mpangilio wa majeshi ya msituni. Mahakama ilimhukumu kunyongwa. Mwezi Machi hukumu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo, naye akakubali kuwaandikia viongozi wenzake barua za kuwashawishi wazungumze na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika mwezi Aprili kwa mapigano. Wapo waliomwita msaliti. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mtu mwenye kitanzi shingoni hawezi kudai kwamba hofu haikumgusa, lakini kutafuta suluhu ya mezani wakati vijana wanateketea si sawa na kuwauza.

Alipelekwa gereza la Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Ethiopia. Turkana wakati huo ilikuwa eneo lililofungwa, ambalo mgeni hakuingia bila kibali; jangwa lenyewe lilitosha kuwa ukuta. (Kakuma, katika Turkana hiyo hiyo, ingekuja kuwapokea wakimbizi wa vita vya nchi jirani kuanzia mwaka 1992.) Gerezani alimkuta Jomo Kenyatta pamoja na wenzake waliohukumiwa Kapenguria. Kenyatta, aliyepewa kazi ya upishi kwa sababu ya umri wake, alimfundisha Itote Kiingereza. Jenerali aliyekuwa ameamuru maelfu ya watu aliketi tena kama mwanafunzi mbele ya mzee mpishi. Uhusiano wao ulidumu hata baada ya Kenyatta kuhamishiwa Lodwar mwaka 1959.

Itote aliachiliwa mwaka 1962, akapata mafunzo ya kijeshi nchini Israeli, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 1967 alichapisha tawasifu yake, Mau Mau General, kwa lugha ile aliyojifunza Lokitaung. Ndani yake yeye ni shahidi na mshtakiwa kwa wakati mmoja, na mhakiki anayeisoma hana budi kuzisikiliza sauti zote mbili.

Alifariki mwaka 1993. Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2003.