John Dollond: Mfumaji wa hariri aliyeisafisha darubini, kisha jina lake likaibwa kwa herufi moja

Ukikuta darubini ya kale ya shaba kwenye mnada, usikimbilie kuangalia urefu wa bomba wala mng'aro wake. Soma kwanza jina lililochongwa upande wa kuchungulia. Kama limeandikwa DOLLOND, huenda umeshika mali. Kama limeandikwa DOLLAND, yaani herufi ya tano ni A badala ya O, basi kuna fundi wa zamani aliyekuwa anauza kazi yake kwa sifa ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni John Dollond wa London. Aliishi miaka 55, na zaidi ya nusu ya maisha hayo alikuwa fundi wa kufuma vitambaa, si wa lenzi.

Mchana uzi, usiku vitabu

Dollond alizaliwa Juni 1706 huko Spitalfields, mashariki mwa London. Familia yake ilikuwa ya Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini, na kama wakimbizi wenzao wengi mtaani hapo, walikula kwa kufuma hariri. Baba alifariki John akiwa bado mdogo. Kijana akaingia kwenye mtambo wa kufumia mapema na hakutoka huko kwa miaka mingi.

Lakini kichwa chake kilikuwa kwingine. Alijifundisha mwenyewe hesabu, fizikia, anatomia, Kilatini na Kigiriki, kwa saa alizoziiba kwenye usingizi. Chuo hakukanyaga.

Mwanawe Peter alikua akisikia hesabu hizo nyumbani, ila yeye uzi hakuutaka kabisa. Mwaka 1750 akafungua karakana ndogo ya vifaa vya macho hapo hapo Spitalfields. Biashara ikashika. Mwaka 1752 mzee naye, akiwa na miaka 46, akaachana na hariri na kujiunga na mtoto wake. Baadaye duka likahamia Strand, mtaa wa wateja wenye fedha.

Rangi zisizotakiwa

Darubini za wakati ule zilikuwa na ugonjwa mmoja sugu. Lenzi ikikunja mwanga, bluu hukunjwa zaidi kuliko nyekundu. Matokeo yake kila kitu kinachotazamwa, iwe mwezi, mlingoti au uso wa mtu, kinavaa ukingo wa rangi rangi. Ukiongeza ukuzaji, na rangi zinaongezeka. Wanaanga wa karne ya 17 walijaribu kulikwepa tatizo kwa kutengeneza darubini ndefu ajabu, nyingine zikipita mita 30, zikining'inizwa kwenye milingoti kwa kamba.

Isaac Newton alikuwa ameamua kwamba ugonjwa huu hauna dawa kwa upande wa lenzi, ndiyo maana akatengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia. Na Newton akisema, nani wa kubisha?

Aliyebisha ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1747. Cha kuchekesha ni kwamba Dollond alisimama upande wa Newton na kuandika kumpinga Euler. Kisha likaja andiko la Samuel Klingenstierna, profesa wa Uppsala nchini Sweden, lililoonyesha kwa hesabu kwamba hoja ya Newton ina tundu.

Dollond akaenda karakanani kujionea. Mwaka 1757 alitumbukiza mche wa kioo ndani ya chombo chenye umbo la kabari kilichojaa maji, akarekebisha pembe mpaka mwanga ukapita bila kukunjwa. Kama Newton angekuwa sahihi, rangi zingepotea hapo. Hazikupotea. Kumbe kukunja mwanga na kutawanya rangi ni mambo mawili tofauti, na kila aina ya kioo ina kiwango chake.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kifundi zaidi. Alichukua kioo cha kawaida cha dirisha la Kiingereza, kinachoitwa krauni, na kioo kizito chenye risasi ndani yake, kinachoitwa flinti. Flinti hutawanya rangi zaidi. Lenzi ya krauni iliyobinuka nje, ikiunganishwa na ya flinti iliyobonyea ndani, rangi za ya kwanza zinafutwa na ya pili huku ukuzaji ukibaki.

Mwaka 1758 alisoma matokeo hayo Royal Society, akapewa medali ya Copley, na akachukua hataza ya miaka 14. Gharama ya hataza alisaidiwa na Francis Watkins, muuza vifaa vya macho, aliyepata sehemu yake ya faida. Klingenstierna hakutajwa. Mswidi huyo hakufurahi, na ni vigumu kumlaumu.

Mwanasheria wa Essex

Lakini kulikuwa na mtu mwingine kabla ya wote hao. Chester Moor Hall, mwanasheria mwenye nafasi yake huko Essex, alikuwa ameshatengeneza lenzi ya namna hiyo miaka ya 1730. Hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa kujifurahisha na majaribio.

Inavyosimuliwa, Hall hakutaka siri ivuje. Akaagiza kipande kimoja kwa fundi huyu na kipande cha pili kwa fundi mwingine wa London. Mafundi wote wawili walikuwa na kazi nyingi, wakampa kazi hiyo fundi mdogo yule yule, George Bass, kila mmoja kwa wakati wake. Bass akagundua vipande vyote viwili ni vya mtu mmoja, akavibandika pamoja, akachungulia. Rangi hazikuwepo. Miaka mingi baadaye, inasemekana, Bass ndiye aliyemdokeza Dollond kuhusu tabia ya vioo hivyo viwili.

Je, Dollond aliiba? Majaribio yake ya maji na mche ni ya kwake bila ubishi, na yeye ndiye aliyeitoa kanuni hadharani. Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuwa na lenzi hiyo mkononi, na mafundi wa London walilijua hilo.

Mwenyewe hakuishi kuona moto. Mwaka 1761 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society na kuteuliwa mtengenezaji wa vifaa vya macho wa Mfalme George III. Novemba 30 mwaka huo huo, akiwa amejiinamia kwa saa nyingi akisoma kazi ya Mfaransa Alexis Clairaut kuhusu mwendo wa mwezi, alipata kiharusi na kufariki.

Mtoto achukua fimbo

Baba, wakati wa uhai wake, hakuwasumbua sana waliokuwa wakiiga lenzi. Peter hakuwa na upole huo. Ushirika na Watkins ukavunjika, na Peter akaanza kuwadai wenzake mahakamani.

Kwa mafundi wale halikuwa suala la heshima ya nani kavumbua. Lilikuwa suala la mkate. Darubini bila lenzi mpya hazikuwa na soko tena, na lenzi mpya ilikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1764 watengenezaji wa vifaa vya macho wa London waliungana na kupeleka ombi serikalini hataza ifutwe, hoja yao kuu ikiwa ni Hall. Hawakufanikiwa.

Mwaka 1766 Peter akamshinda James Champneys, mmoja wa walioandika ombi hilo. Mahakama haikukana kwamba Hall alitangulia. Ilichosema kwa ufupi ni kwamba aliyefungia uvumbuzi wake kabatini si wa kulipwa, anayelipwa ni aliyeuleta kwa watu. Hall alikuwa hai wakati huo na hakudai chochote. Champneys akaumia, na mpaka leo mawakili wa hataza bado wanaitaja kesi hiyo.

Hata ndani ya familia halikuisha. Jesse Ramsden, fundi hodari aliyemwoa Sarah, binti wa John, ndiye aliyekuja kuiandikia Royal Society mwaka 1789 akieleza habari za Hall. Shemeji yake Peter naye akaandika kumtetea marehemu.

Mchana au usiku

Hataza ilipoisha mwaka 1772, kila mtu akaruhusiwa kutengeneza. Hapo ndipo ugomvi wa lebo ulipoanza, maana jina Dollond lilikuwa limeshageuka kuwa jina la kitu chenyewe. Nahodha hakusema anataka darubini, alisema anataka Dollond.

Sasa fikiria uko dukani London, saa sita mchana, bomba la shaba linang'aa mkononi. Utajuaje lenzi ni nzuri? Flinti ya wakati ule ilikuwa mbovu kwa asili: risasi ilizama kabla kioo hakijapoa, ikaacha mistari na mawimbi ndani. Kodi ya kioo iliyotozwa kwa uzito iliwafanya wenye viwanda wasipende majaribio. Kipande safi chenye upana wa sentimita 10 kilikuwa cha kutafutwa kama dawa. Peter alikuwa anachagua vipande bora na kutupa vingine. Muigaji alitumia alichopata, halafu akachonga jina.

Mchana jua huficha mengi. Aibu ilitokea baharini, usiku, pale mlinzi alipotakiwa kujua kivuli kilichoko mbele ni mwamba, meli rafiki au adui.

Mabaharia walikuwa na darubini maalum za usiku. Zilikuwa na lenzi pana mbele, ukuzaji mdogo, na picha ilionekana miguu juu kichwa chini. Haikuwa kosa la fundi. Kila uso wa lenzi hurudisha nyuma asilimia 4 au zaidi ya mwanga. Darubini ya mchana yenye lenzi nne za kunyoosha na kukuza picha ina nyuso 12 ukijumlisha na lenzi mbili za mbele, hivyo zaidi ya theluthi ya mwanga inapotea njiani. Ukitoa lenzi mbili, unabaki na nyuso 8 na hasara inashuka hadi robo na kidogo. Afadhali uone meli imepinduka kuliko usiione.

Upana na ukuzaji navyo vina hesabu yake. Gizani mboni ya jicho hutanuka hadi karibu milimita 7. Lenzi ya milimita 50 inayokuza mara 7 inaijaza mboni hiyo vizuri. Lenzi hiyo hiyo ikikuza mara 25 inaleta mwanga wenye upana wa milimita 2 tu. (Wanaonunua leo vifaa vya kuonea usiku mtandaoni kwa kufuata namba kubwa kwenye boksi wanaujua uchungu huu.)

Sasa angalia ujanja. Darubini nyingi za mkono za karne ya 19 zilichongwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchana au usiku, hata zile zenye ukuzaji mkubwa na lenzi zote za kunyoosha picha. Na pembeni, Dollond. Au Dolland. Herufi moja ilimpa muigaji pa kutokea: akibanwa, si jina lile. Mteja asiyesoma vizuri hakuona tofauti, na baharini nani angemrudishia fedha?

Peter alifariki mwaka 1820. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kuendeleza duka, likashikwa na mpwa wake George Huggins. Huggins huyo alibadili jina lake la ukoo kuwa Dollond.

Jina hilo lilidumu kwenye mabango ya maduka ya miwani Uingereza hadi karne hii. Mwaka 2009 kampuni ya Dollond & Aitchison iliunganishwa na Boots Opticians, na mabango yakabadilishwa moja baada ya jingine. Darubini za Dolland bado zinapigwa mnada, na baadhi ya wanunuzi huzitafuta makusudi.