Gor Mahia: Mwujiza au Kiini Macho?

Wengi walijuao jina la Gor Mahia wamelisikia uwanjani. Klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968, na ambayo mwaka 1987 ililetea Kenya Kombe la Mandela, iliazima jina hilo kwa mtu. Mtu mwenyewe ni Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, mganga wa ukoo wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, Homa Bay. Mahia kwa Kijaluo ni maajabu. Ndiyo kusema, watu walimbatiza kwa kazi yake.

Yasimuliwa kwamba Wazungu walipofika wakimtafuta, na bunduki mikononi, Gor hakukimbia. Mara alionekana kijana. Mara mzee wa kutegemea mkongojo. Mara mwanamke, mara mnyama. Bunduki zikakosa pa kulenga. Hapo ndipo ubishi huzuka. Mmoja husema zile zilikuwa dawa za kweli. Mwingine husema ni kiini macho cha mtu aliyewajua wageni wake na hofu zao.

Ubishi huu si wa mchezo, maana wapo waliolipa kwa roho. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji, aliwagawia watu dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa vichanga. Vilipokwisha mwaka 1907, makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa.

Naye William Robinson, Mmarekani aliyejiita Chung Ling Soo, alikuwa akidaka risasi jukwaani. Siri ilikuwa katika bunduki: risasi ilibaki ndani ya mtutu, na baruti ililipuka katika mwanzi mwingine uliofichwa chini yake. Machi 1918, mjini London, baruti ilikuwa imepenya hadi kwenye mtutu wenyewe. Risasi ikatoka kweli, naye akafa.

Wale waliamini wakafa; huyu alijua siri, akafa vilevile. Gor wa masimulizi ya Ndhiwa ana hekima nyingine: hamsimamishi mtu mbele ya mtutu, wala yeye mwenyewe hajaribu kuidaka risasi. Huondoka njiani mwake. Iwe dawa au werevu, ajabu yake haikuacha mjane.