Tabibu Aliyewatibu Wacheza Gofu

Mimi ni mkazi wa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori la Kilifi, mahali ambapo kusi ikishika hata mvuvi mzoefu hutia ngalawa yake pwani. Gofu niliijua kwa kubeba mifuko ya fimbo za wenyewe, kabla sijapata fimbo zangu. Siku ya shindano langu la kwanza mpira ulitumbukia mchangani kwenye shimo la tatu. Kila nilipoupiga ulipanda kidogo, kisha ukarudi miguuni pangu. Nilipokuja kuutia shimoni nilikuwa nimehesabu mikwaju 13. Niliichana kadi yangu nikaenda zangu nyumbani, na huku nyuma mashimo 15 yalikuwa yangali yakinisubiri.

Mzee mmoja wa hapa kwetu, ambaye sote twamwita Babu, aliposikia habari hiyo alicheka sana. Kisha akanieleza kwamba ugonjwa wangu ulikwisha kupatiwa dawa zamani, na aliyeuganga alikuwa daktari kweli.

Daktari huyo ni Frank Stableford. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akasomea udaktari, akawa mpasuaji. Alitumika katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, na tena katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Gofu aliicheza tangu ujana wake, naye alikuwa mchezaji hodari.

Ili uone alichokifanya, mpenzi msomaji, yafaa ujue namna mbili za kushindana alizozikuta. Ya kwanza ni ya jumla ya mikwaju: mashimo yote huhesabiwa pamoja, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Ndivyo Mjerumani Esther Henseleit alivyonyakua shindano la wazi la wanawake pale Vipingo, jirani zetu, Desemba 2019. Namna hii haina huruma. Shimo moja baya laweza kukuharibia siku nzima. Ya pili ni ya shimo kwa shimo, pande mbili zikipambana. Hapo mikwaju 13 hukupotezea shimo moja tu, lakini watu mia hawawezi kushindana hivyo kwa siku moja.

Stableford aliichukua huruma ya namna ya pili akawapa umati wa namna ya kwanza. Kila shimo lina idadi ya mikwaju lililopangiwa, tuseme 4. Ukimaliza kwa mikwaju 4 wapata alama 2. Kwa 5, alama 1. Kwa 3, alama 3. Kwa 2, alama 4. Ukifikisha 6 hupati kitu, basi waokota mpira wako ukaelekea shimo lijalo. Mchezaji dhaifu hupunguziwa mikwaju kwanza, kwa kadiri ya nafuu yake iitwayo handikapu. Mwishoni mwenye alama nyingi ndiye mshindi.

Wazo hili alilijaribu kwanza mwaka 1898 katika klabu ya Glamorganshire, mjini Penarth, nchini Wales. Halikushika. Miaka ikapita, vita vikaja vikaisha, naye akahamia klabu ya Wallasey, karibu na Liverpool. Uwanja huo uko ufukweni, penye vichuguu vya mchanga na upepo mkali wa bahari. Hapo aliwaona wenzake wakikata tamaa baada ya mashimo mawili matatu tu. Akalifufua wazo lake, na tarehe 16 Mei 1932 shindano la kwanza rasmi la alama likafanyika Wallasey. Yeye mwenyewe alikuwa amepita umri wa miaka 60. Alifariki dunia mwaka 1959, na leo jina lake hutajwa kila wikendi katika klabu nyingi ulimwenguni, za hapa Kenya zikiwamo.

Wahenga walinena kuteleza si kuanguka. Niliporudi uwanjani tulicheza kwa alama, na shimo la tatu likanitenda vile vile. Safari hii niliokota mpira, nikapangusa mchanga, nikaendelea. Nilimaliza mashimo yote 18 nikiwa na alama 27. Zawadi sikupata, lakini kadi yangu niliitia sahihi na kuikabidhi ikiwa nzima.