Bing Crosby: padri wa kwenye filamu, baba wa nyumbani



Kila Desemba, hata huku Ilemba bondeni ambako theluji tunaiona kwenye kadi tu, lazima kuna redio ya mtu itapiga White Christmas. Ile sauti nzito, tulivu, ni ya Bing Crosby, Mmarekani, Mkatoliki. Leo nimeona nimsimulie yeye, maana maisha yake yananisumbua mimi ninayejiandaa kuvaa kanzu.

Alizaliwa 3 Mei 1903 huko Tacoma, jimbo la Washington, akakulia Spokane. Alisoma kwa Wajesuiti wa Gonzaga, sekondari mpaka chuo. Akaanza sheria, akaiacha kabla hajamaliza, akafuata bendi. Wajesuiti hawakumkatia tamaa. Mwaka 1937 walimpa udaktari wa heshima.

Kabla ya heshima hiyo lakini kulikuwa na chupa. Mwaka 1929, wakati anangoja kupigwa filamu ya King of Jazz, alipata ajali ya gari, ikaja kesi ya pombe, akaenda jela. Wimbo aliokuwa aimbe peke yake akapewa mwingine. Mwaka uliofuata alimwoa Dixie Lee, mwigizaji ambaye wakati huo alikuwa na jina kumzidi yeye. Haikupita miezi mingi, mwaka 1931, Dixie akaondoka na kutangaza kwamba anataka talaka. Crosby akamfuata, wakapatana, na tangu hapo akapunguza pombe kweli kweli. Wangapi kati yetu tungekubali kuambiwa na mke?

Sasa njoo 1933. Kampuni ya Paramount ilitoa College Humor, filamu ya vichekesho na nyimbo kuhusu mpira wa vyuo vya Marekani. Si mpira wa Simba na Yanga. Ni ule wa kukimbia na mpira mkononi huku mnagongana kama mafahali. Crosby ni profesa kijana anayeimba mpaka wanafunzi wa kike wanasahau somo. Nyota wa timu, Mondrake, anampenda Barbara, lakini moyo wa Barbara uko kwa profesa. Basi nyota anatafuta faraja kwenye pombe. Watu wakacheka, wakaenda nyumbani. Ni filamu nyepesi sana, sitawadanganya. Ila mimi naona ajabu kwamba mtu aliyekuwa ametoka kwenye chupa jana tu ndiye aliyesimama mle kama mwalimu, msafi, anaimba, na ulevi amebebeshwa kijana mwingine.

Mwezi huohuo wa Juni 1933 alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Gary. Wakafuata mapacha Phillip na Dennis, halafu Lindsay. Wavulana wanne. Na hapa mambo yakageuka: yeye alipoiacha pombe, Dixie ndiye ikamshika.

Mwaka 1944 akaigiza Padri O'Malley katika Going My Way, padri kijana anayetumwa kwenye parokia yenye madeni. Anawakusanya watoto watukutu wa mtaani, hawapigi, anawafundisha kuimba kwaya. Akapata tuzo ya Oscar. Mwaka uliofuata akavaa tena kanzu katika The Bells of St. Mary's.

Yaani dunia nzima ilimpenda kwa upole wake kwa watoto wa wengine. Miaka sita baada ya kifo chake, Gary aliandika kitabu akasema nyumbani kulikuwa na mkanda na maneno ya kumdhihaki kwa unene wake. Phillip alimpinga ndugu yake hadharani, akamtetea baba. Mimi sikuwepo, siwezi kuhukumu. Kwenye falsafa tulisoma kwamba neno la Kilatini persona, ambalo ndilo tunalolitumia tukisema juu ya nafsi ya mtu, awali lilikuwa kinyago cha mchezaji wa jukwaani. Nilidhani ni jambo la mtihani tu. Kumbe kanzu nayo inaweza kuwa kinyago, na anayejua ni yule anayekaa nawe ndani, siyo anayekutazama misani.

Dixie alifariki kwa saratani 1 Novemba 1952, siku ya Watakatifu Wote. Mwaka 1957 Crosby akamwoa Kathryn Grant, wakapata watoto watatu, na wengi walisema safari hii alikuwa baba mpole zaidi. Mwaka huohuo Gonzaga walifungua maktaba yenye jina lake, aliyoichangia fedha.

Alianguka na kufa 14 Oktoba 1977 karibu na Madrid, Hispania, alipomaliza kucheza gofu. Amezikwa makaburi ya Msalaba Mtakatifu, California, karibu na Dixie.

Jioni ya leo, mnaposali rozari, tendo moja liwe la Dixie na wale wavulana wanne.