Seyyid Barghash na Maji ya Unguja

Seyyid Barghash alikuwa mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Baba yake alipofariki mwaka 1856, enzi ya Unguja ilishikwa na nduguye Majid, ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akashindwa, akapelekwa Bombay katika Bara Hindi. Alikaa huko kadiri ya miaka miwili, na wakati ule ule mji wa Bombay ulianza kupata maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar, lililokuwa nje ya mji. Kisha alirudishwa kwao.

Mji wa Unguja siku zile ulikuwa na majumba mazuri, lakini maji yake yalikuwa mabaya. Watu walichota katika visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo. Mvua iliponyesha, uchafu ulijipenyeza ardhini ukaingia visimani. Taka zilitupwa pwani, hata Livingstone alipofika mwaka 1866 alichukizwa mno na uvundo wake.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kilitoka bara kwa njia za misafara, kikafika Pangani, kikavuka bahari mpaka Unguja. Maradhi haya humharisha na kumtapisha mtu mpaka mwili unakauka. Aliyeamka mzima aweza kufa kabla ya jua kuchwa. Maelfu walikufa, matajiri kwa maskini. Watu wengi walidhani sababu ni hewa mbaya, ingawa daktari John Snow alikwisha kuonyesha huko London, mwaka 1854, kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu.

Mwezi wa Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akatawala. Hata Aprili 1872 tufani kubwa iliikumba Unguja, ikang'oa minazi na mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mapato ya nchi yakapungua. Mwaka 1873 alitia sahihi, kwa kulazimishwa na Waingereza, mkataba wa kulifunga soko la watumwa.

Juu ya hayo yote, Barghash alitoa mali yake kuwaletea watu maji. Kaskazini ya mji, upande wa Bububu, zilikuwako chemchemi za maji safi. Akaamuru ujengwe mfereji wa kuyaleta mpaka mjini. Maji hayo hayakuwa ya jumba la mfalme peke yake. Wenyeji nao waliyapata. Mengine yalipelekwa katika hamamu aliyoijengea mji, na mtaa ule waitwa Hamamni hata leo.

Seyyid Barghash alifariki Machi 1888. Watu hulikumbuka zaidi jumba lake kubwa la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Lakini jumba lilimfaa mfalme na wageni wake. Maji yalimfaa hata mtoto wa maskini, kwa kuwa yalitoka mahali ambapo choo cha mtu hakikuyafikia.

Kanuni hiyo ni ile ile kwa kisima cha Chamazi kama kwa chemchemi ya Bububu: choo kiwe mbali na kisima, kisima kifunikwe, mtungi uoshwe, maji ya kunywa yachemshwe, na mikono inawishwe kwa sabuni. Maji mema yakitiwa katika chombo kichafu, kazi yote ya mfereji imepotea bure.