Hergé, baba wa Tintin aliyechora Kongo bila kuiona

Mwaka 1930, mtumbwi uliotoka Rumonge na mawese kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo haukuacha himaya ya Ubelgiji. Urundi ilikuwa imeunganishwa kiutawala na Kongo tangu 1925, na pande zote mbili zilipokea amri kutoka Brussels. Katika mji huo huo, kijana wa miaka 23 aliketi mezani akachora Kongo ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Jina lake lilikuwa Georges Remi, mzaliwa wa Etterbeek, Brussels, Mei 22, 1907. Aligeuza herufi za mwanzo za majina yake, zikawa R na G. Zikitamkwa Kifaransa zinasikika Hergé. Januari 10, 1929, katika kijarida cha watoto cha gazeti moja la Kikatoliki, alimtoa kwa mara ya kwanza Tintin, mwandishi wa habari kijana, pamoja na mbwa wake mweupe Milou.

Baada ya safari ya Urusi, Hergé alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Mkuu wake, padri Norbert Wallez, akaamua iwe Kongo, ili watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Waafrika wakachorwa kama wajinga wenye midomo mikubwa, wanaomsujudia mgeni.

Mwaka 1934 alikutana na Chang, mwanafunzi wa sanaa kutoka China, aliyemfundisha kuchunguza nchi kabla ya kuichora. Tangu hapo kazi yake ilibadilika. Alipokichora upya kitabu cha Kongo mwaka 1946, somo la kuwafundisha watoto Waafrika kwamba Ubelgiji ni nchi yao likageuzwa kuwa somo la hesabu. Picha za watu, hata hivyo, zilibaki karibu zile zile.

Wakati wa vita alifanya kazi katika gazeti la Le Soir lililokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ubelgiji ilipokombolewa, Septemba 1944, alikamatwa, na gazeti la wapinzani wa Wajerumani likamwiga Tintin kwa dhihaka, likimpeleka nchi ya Wanazi. Hiyo ni miongoni mwa dhihaka za kwanza za Tintin, na shabaha yake ilikuwa mchoraji mwenyewe.

Baadaye alisimama tena, akafungua studio yake mwaka 1950 na kuacha vitabu 24, cha mwisho kikiwa hakijakamilika. Alifariki Machi 3, 1983. Alikuwa ameagiza kwamba mtu mwingine asimwendeleze Tintin.

Wengine hawakungoja ruhusa. Mafundi wa Kinshasa huchonga Tintin wa mbao na kupaka rangi jalada la kitabu kile kile kilichowadhihaki babu zao, kisha humuuzia mgeni. Mwaka 2007, Mkongo mmoja aliyeishi Brussels alikishtaki kitabu hicho kwa ubaguzi. Mwaka 2012 mahakama ikamkatalia.

Haki za biashara nazo zina mikasa yake. Mwaka 2015, mahakama ya The Hague iliona kwamba warithi hawakuwa na haki walizodai juu ya picha za vitabuni, kwa kuwa Hergé mwenyewe alikwisha kumpa mchapishaji wake haki hizo kwa mkataba wa 1942. Karatasi moja iliyosahauliwa ilitosha kuangusha madai.

Januari 1, 2025, Tintin wa 1929 aligeuka mali ya umma nchini Marekani. Huko mtu anaweza kumchora, kumuuza au kumfanyia mzaha bila kuomba kibali, mradi asiguse nembo za biashara zilizosajiliwa wala michoro ya miaka ya baadaye. Ubelgiji huhesabu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, yaani hadi mwisho wa 2053. Burundi, Tanzania na Kongo huhesabu miaka 50, yaani hadi 2033.

Kwa hiyo fulana ya Tintin iliyo halali sokoni Marekani bado inahitaji kibali ikishushwa bandari ya Rumonge au Kigoma. Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla amwombe muuzaji karatasi ya kibali kabla ya kulipa, kwani mzigo ukizuiliwa mpakani, hasara ni ya aliye nao.